Je, Wajua? Shahada ya Uzamivu Inayosomewa Wodini

Je, wajua kwamba jambo jema likishagunduliwa na watafiti wa tiba linaweza kuchukua miaka 17 kabla ya kumfikia mgonjwa kitandani? Hayo ni makadirio ya Balas na Boren, watafiti wawili waliochapisha hesabu yao mwaka 2000. Kwa hesabu yao, hata baada ya miaka hiyo yote ni kama asilimia 14 tu ya matokeo ya utafiti yanayoingia katika huduma ya kila siku. Pengo hilo ni sababu kubwa iliyowafanya wauguzi wa Marekani waanzishe shahada ambayo wengi huku kwetu hawajaisikia: uzamivu wa utendaji wa uuguzi, kwa kifupi DNP. Anayeisoma hatafuti jambo jipya ambalo dunia haijalijua. Analichukua lililokwisha kujulikana, analiingiza wodini, kisha anapima kama wagonjwa wamepata nafuu.

Uzamivu tuliouzoea, ule wa PhD, humtaka mwanafunzi aandike tasnifu yenye maarifa mapya. Msomi wa DNP hufanya mradi, na mradi huo hufanyika mahali ambapo wagonjwa wapo. Vyuo vya Marekani vimekuwa vikimdai saa 1,000 za kazi ya vitendo inayosimamiwa, zikihesabiwa tangu alipomaliza shahada ya kwanza. Zigawe kwa zamu za saa nane, utapata zamu 125. Anayetoka moja kwa moja kwenye shahada ya kwanza husoma kwa kawaida miaka mitatu au minne. Mwenye uzamili tayari, mmoja au miwili akisoma muda wote. Wengi huendelea na ajira, wakisoma masomo ya darasani kwa intaneti usiku.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi muuguzi aliyetaka udaktari wa kitaaluma alilazimika kuupata kwenye fani ya watu wengine? Profesa wa kwanza wa uuguzi duniani, Adelaide Nutting, aliteuliwa mwaka 1907 katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, chuo cha walimu. Miaka ya 1920 chuo hicho kikaanza kuwapa wauguzi udaktari, lakini ulikuwa udaktari wa elimu. Mwaka 1934 Chuo Kikuu cha New York kikafungua njia ya PhD. Hata hivyo waliofika huko walikuwa wachache, na wengi wao walihama kutoka kwa mgonjwa kwenda darasani au ofisini. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana: aliyesoma zaidi ndiye aliyekuwa mbali zaidi na kitanda.

Wa kwanza kujaribu kuigeuza hali hiyo walikuwa watu wa Cleveland, jimbo la Ohio. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Case Western Reserve kilianza kutoa udaktari wa uuguzi wa kazi, wazo lililopiganiwa na Rozella Schlotfeldt, aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya uuguzi ya chuo hicho. Alitaka muuguzi aingie kazini kama daktari wa tiba anavyoingia, yaani akiwa na shahada ya taaluma iliyojengwa juu ya shahada nyingine. Vyuo vichache sana vilimfuata. Iliwabidi wauguzi wasubiri mpaka mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Kentucky kilipopokea wanafunzi wa kwanza wa DNP. Oktoba 2004 chama cha vyuo vya uuguzi cha Marekani kilipiga kura kwamba ifikapo mwaka 2015 wauguzi wote wa ngazi ya juu ya kutibu waandaliwe kwa shahada hiyo badala ya uzamili.

Mwaka 2015 ulifika na lengo halikutimia. Mpaka leo uzamili unatosha kumpatia muuguzi leseni ya kuona wagonjwa katika majimbo ya Marekani. Lakini shahada yenyewe imeenea upesi: sasa kuna programu zaidi ya 400, na hakuna jimbo hata moja kati ya yote 50 lisilokuwa nayo. Naona heri lengo lile lilipita bila kulazimishwa. Kijiji chenye muuguzi mmoja anayetibu kingefaidika nini kama angefungiwa mlango kwa kukosa karatasi ya ziada?

Na huyo muuguzi anayetibu ametoka wapi? Je, wajua kwamba alianzia kwa watoto wa mashambani Colorado? Loretta Ford alikuwa muuguzi wa afya ya jamii aliyezoea kuzunguka wilaya ambazo daktari hapatikani kwa urahisi. Mwaka 1965, akishirikiana na daktari wa watoto Henry Silver katika Chuo Kikuu cha Colorado, alianzisha mafunzo ya kumwezesha nesi kumpima mtoto, kutambua ugonjwa na kuuanzishia matibabu. Madaktari walimpinga, na baadhi ya wauguzi wenzake pia walimpinga, wakisema anawahamisha wauguzi kwenda upande wa udaktari. Ford hakurudi nyuma. Alifariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 104, na wakati huo wauguzi waliopita njia aliyoifungua walikuwa wamefika mamia ya maelfu.

Mwaka huohuo wa 1965 Chuo Kikuu cha Duke kilianza kuwafundisha waliokuwa wahudumu wa tiba jeshini ili wawasaidie madaktari. Msomaji wa Tanzania au Kenya hapa atatabasamu, maana sisi pengo hilo tulilijaza zamani kwa matabibu. Nchini Tanzania, madaktari wasaidizi waliopandishwa kutoka utabibu wamewafanyia upasuaji kinamama walioshindwa kujifungua katika hospitali za wilaya kwa miongo mingi. Hivyo kumkabidhi matibabu mtu asiye na shahada ya udaktari si jambo geni kwetu. Tofauti ni kwamba Marekani ngazi hiyo iliendelea kupanda mpaka chuo kikuu, hadi uzamivu; ya kwetu mara nyingi hukatikia katikati.

Lakini mgonjwa anatibiwa vizuri na muuguzi huyo? Swali hilo lilijibiwa Manhattan. Watafiti wakiongozwa na Mary Mundinger, mkuu wa shule ya uuguzi ya Columbia, waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine kwa madaktari, wengine kwa wauguzi waliokuwa na mamlaka sawa ya kuandika dawa na kulaza. Waliofuatiliwa ni 1,316, wengi wao wahamiaji wanaozungumza Kihispania. Matokeo yalichapishwa Januari 2000 katika jarida la JAMA: baada ya miezi sita, hali za afya za makundi mawili hazikutofautiana. Ila kwa wenye shinikizo la damu, kipimo cha chini kilikuwa 82 kwa wastani upande wa wauguzi na 85 upande wa madaktari. Tofauti hiyo ni ndogo, na miezi sita si muda mrefu kwa ugonjwa wa maisha. Hata hivyo baada ya hapo haikuwezekana tena kusema hakuna ushahidi.

Sasa tuingie kwenye mradi wenyewe, maana huko ndiko shahada hii inakopimwa. Chukulia wodi ya wazee ambamo wagonjwa huanguka usiku. Muuguzi anayesomea DNP huanza na mafaili: wameanguka wangapi katika miezi iliyopita, saa ngapi, wakielekea wapi. Mara nyingi anakuta walikuwa wanakwenda chooni, peke yao, kwa kuwa kengele ilikuwa mbali au waliona haya kumsumbua sista. Anasoma tafiti, anakuta wenzake wamejaribu kuzunguka vitanda kila saa kwa maswali manne. Una maumivu? Unataka kwenda chooni? Umelala vizuri? Vitu vyako unavifikia, maji, miwani, kengele? Anakaa na wauguzi wa zamu ya usiku, kwa sababu wao ndio watakaobeba mzigo huo, wanakubaliana namna ya kuugawa. Wanajaribu katika vyumba vichache. Wanahesabu. Panapokwama wanarekebisha, kisha wanajaribu tena.

Ukiona ni jambo dogo kwa uzamivu, tazama lililotokea Michigan. Kuanzia mwaka 2004, vyumba zaidi ya 100 vya wagonjwa mahututi vilianza kufuata orodha fupi iliyoandaliwa na daktari Peter Pronovost wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kuhusu mpira unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu. Orodha ilikuwa na mambo matano: nawa mikono, mfunike mgonjwa mwili mzima kwa shuka safi zisizo na vijidudu na wewe uvae kofia, barakoa, gauni na glavu, safisha ngozi kwa dawa ya klorheksidini, epuka mshipa wa kinena, ondoa mpira usiohitajika. Vifaa vyote vikawekwa kwenye toroli moja, ili asiyepata gauni karibu asiseme basi leo tuache. Kila asubuhi katika mzunguko wa wodi liliulizwa swali moja: mpira huu bado una kazi? Na muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua, isipokuwa kwa dharura.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Anayejua hospitali anajua sista mdogo akimwambia bingwa mbele za watu, "Daktari, hujanawa," anahatarisha nini. Lakini wakubwa wa hospitali walisimama nyuma yao. Katika miezi mitatu, kiwango cha kati cha maambukizi ya damu yanayotokana na mipira hiyo kilishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za mpira hadi sifuri, na kikabaki chini. Hakuna dawa mpya iliyotumika. Yote matano yalikuwa yameandikwa vitabuni zamani. Mradi wa DNP hufuata mkondo huohuo, na mimi siuoni kuwa duni kuliko tasnifu. Maisha ya watu yameokolewa kwa maarifa ambayo yalikuwa yamelala kabatini.

Je, wajua kwamba Marekani sasa huwezi kuanza kusomea uuguzi wa nusu kaputi bila kuingia kwenye programu ya udaktari? Sharti hilo lilianza Januari 2022. Wauguzi hao wana historia ndefu, na Cleveland imo tena: Agatha Hodgins aliwalaza usingizi wagonjwa wa daktari mpasuaji George Crile, akaenda naye Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi kufundisha, na mwaka 1931 akaanzisha chama chao cha kitaifa. Hospitali nyingi za vijijini huko Marekani hazina mtu mwingine wa kutoa dawa ya usingizi. Huku kwetu Hospitali ya Kijabe nchini Kenya nayo huwafundisha wauguzi kazi hiyo, kwa sababu ileile: mama anayevuja damu saa nane za usiku hawezi kumsubiri bingwa aliyeko mjini.

Cheo kimeleta mvutano. Katika baadhi ya majimbo sheria inambana asiye daktari wa tiba asijitambulishe kama daktari mbele ya mgonjwa. Mwaka 2022 muuguzi mmoja wa California mwenye DNP alikubali kulipa karibu dola 20,000 kumaliza kesi ya namna hiyo. Vyama vya madaktari vinasema mgonjwa huchanganyikiwa. Wauguzi wanasema shahada wameitolea jasho na wana haki ya kuitwa kwa jina lake. Nadhani wote wana haki, lakini ya mgonjwa itangulie. Akiugua na kuogopa, ajue bila kuuliza ni nani aliyesimama mbele yake. Muuguzi akitaja cheo na kazi yake kwa pumzi moja, sioni aliyedanganywa.

Kwa muuguzi wa hapa anayeitamani njia hii, yapo ya kuangalia kabla ya kulipa ada. Chuo kiwe kimeidhinishwa na chombo kinachotambulika cha kusimamia elimu ya uuguzi Marekani. Saa za vitendo zifanyike wapi na zisimamiwe na nani, liulizwe mapema. Na anayetaka kurudi kufundisha chuo kikuu aulize mwajiri na baraza la wauguzi la nchi yake kama DNP itampandisha cheo sawa na PhD. Ndugu zetu wengi walioanzia Marekani kwa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba za kutunzia, wakapanda hadi uuguzi kamili, wengine sasa wako kwenye ngazi hii, na hao ndio wa kuwauliza kwanza.

Wala mbinu yenyewe haijatupita. Mzunguko wa kupanga, kujaribu, kupima na kurekebisha ambao wanafunzi wa DNP huufuata ulitokana na kazi ya Walter Shewhart na W. Edwards Deming, Wamarekani waliokuwa wakishughulikia ubora wa bidhaa za viwandani. Deming aliwafundisha Wajapani mwaka 1950, nao wakauendeleza ndani ya kaizen, falsafa yao ya kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma. Kaizen ikaingia katika hospitali ya kinamama ya Castle Street jijini Colombo, Sri Lanka. Na mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ikaianza kwa msaada wa Wajapani, kabla ya Wizara ya Afya kuisambaza katika hospitali nyingine za Tanzania. Katika wodi zilizoifuata, wauguzi walipanga upya makabati ya dawa, wakabandika majina kwenye kila rafu, wakatupa vilivyokwisha muda. Kazi hiyohiyo, ikianzia na takwimu za kabla, ikamalizia na za baada, na mtu akapewa saa na msimamizi wa kuiandika, Kentucky ingeweza kuhesabiwa mradi wa uzamivu.