Dizeli ikizunguka isiwake, tazama moshi kwanza

Jamaa zetu wa Pwani wanaoendesha dizeli kati ya Migori na Homa Bay hunipigia simu na swali lile lile: stata yazungusha injini vizuri, mbona haiwaki? Nami huwauliza: ekzosi yatoa moshi?

Dizeli haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Usipotoka moshi kabisa, mafuta hayafiki. Angalia tangi, kisha filta. Maji hukaa chini ya filta. Yatoe, halafu piga pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu. Ukitoka moshi mweupe, mafuta yafika lakini hayaungui. Hapo shuku hita plagi, hasa asubuhi ya baridi, au injini iliyochoka kubana.

Stata usiishike zaidi ya sekunde 10; ipumzishe.

Hivyo, ukikwama Rongo na fundi akaanza kutaja pampu mpya kabla hajafungua filta, mwambie taratibu: ndugu yangu, tuanze na ya bei rahisi. Inshallah utafika Homa Bay na pesa zako mfukoni.