KIKOHOZI CHA MTOTO: HESABU PUMZI ZAKE

Hakuna nyumba isiyojua kikohozi. Mvua zikianza, au baridi ya Juni na Julai ikiingia Njombe na Mbeya, watoto hukohoa mmoja baada ya mwingine. Vikohozi vingi hupona vyenyewe. Lakini kimoja huua, tena upesi. Hicho ni kichomi, ambacho hospitalini huitwa nimonia. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 nimonia iliua watoto wapatao 740,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano ulimwenguni.

Basi mzazi atajuaje kama kikohozi hiki ni cha kawaida au ni cha hatari? Jambo hili si gumu. Lataka macho yako, saa, na dakika moja ya utulivu.

MAFUA, MKAMBA NA KICHOMI

Hewa tuivutayo hupita puani na kooni, ikaingia katika bomba kubwa la kifuani. Bomba hilo hugawanyika kama matawi ya mti, hata kufika kwenye vifuko vidogo sana ndani ya mapafu. Humo ndimo damu inamopokea oksijeni.

Ugonjwa ukikaa puani na kooni, ni mafua. Ukishuka katika yale matawi, yakavimba na kutoa makohozi, ni mkamba. Ukifika kwenye vifuko, vikajaa maji na usaha, ndicho kichomi. Hapo mgonjwa huvuta hewa lakini haimtoshi.

Mkamba wa ghafla mara nyingi huletwa na virusi, na dawa za antibiotiki haziui virusi. Kikohozi chake chaweza kudumu wiki mbili au tatu, kisha kikaisha. Makohozi kuwa ya manjano si sababu ya kukimbilia vidonge vya dukani. Tukivimeza ovyo, bakteria huvizoea, na siku ya haja havitatufaa.

Lakini mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili, aende apimwe kifua kikuu. Na mvuta tumbaku anayekohoa makohozi miezi mitatu kila mwaka, miaka miwili mfululizo, asiseme amezoea. Huo ni mkamba sugu, na dawa yake ya kwanza ni kuacha sigara.

NAMNA YA KUHESABU

Katika mji wa Goroka, nchini Papua Guinea Mpya, waganga waliwachunguza watoto wenye kikohozi. Mwaka 1984 Frank Shann na wenzake walieleza kwamba pumzi za haraka na kubonyea kwa kifua ni dalili zinazoweza kuonyesha kichomi hata pasipo picha ya eksirei. Baadaye dalili hizo ziliingizwa katika mafundisho ya wahudumu wa afya katika nchi nyingi, na mzazi naye aweza kuzitumia.

Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue kifua na tumbo. Shika saa au simu yenye kuonyesha sekunde. Kila kifua kinapoinuka, hesabu moja. Endelea dakika nzima, usihesabu nusu dakika ukazidisha, kwa maana mtoto mchanga hapumui sawasawa.

Pumzi ni za haraka kupita kiasi zikifika hesabu hii kwa dakika moja:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
Mtoto wa miezi 2 hata kabla ya mwaka 1: pumzi 50 au zaidi.
Mtoto wa mwaka 1 hata miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Tazama pia chini ya mbavu. Kama sehemu hiyo inabonyea ndani kila mtoto anapovuta pumzi, ugonjwa umemshika.

Mtoto mwenye mojawapo ya dalili hizi apelekwe kwa mganga siku ile ile. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, akilegea asiamke vema, au midomo ikigeuka rangi ya bluu, asingojewe hata kuche. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye pumzi za haraka naye ni wa hospitali mara moja.

Mganga atampima, kwani malaria nayo huweza kuharakisha pumzi. Akiona ni kichomi, mara nyingi atampa amoksilini. Mpe mtoto dozi yote, hata akionekana amepona siku ya pili. Aliyezidiwa atalazwa apate sindano na oksijeni.

YASIYOFAA NA YAFAAYO

Wako wanaosema kikohozi ni kimeo, wakampeleka mtoto kwa fundi akatwe. Kukata kimeo hakuponyi mapafu. Huleta kutokwa damu nyingi na hata pepopunda, na wakati huo kichomi kinazidi. Wengine humnywesha mafuta ya taa. Hiyo ni sumu, na yakiingia mapafuni huyaumiza zaidi.

Mtoto mwenye mafua au mkamba mwepesi anyonyeshwe mara kwa mara, na aliye mkubwa apewe maji ya vuguvugu. Asali yaweza kutuliza koo, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe kabisa.

MOSHI NA CHANJO

Moshi wa kuni huchoma mirija ya hewa na kufungua njia ya magonjwa. Mama akipika mafigani na mtoto mgongoni, wote wawili wanauvuta. Pika nje ikiwezekana, au toboa dirisha kubwa jikoni. Tumia kuni kavu, na mtoto akae mbali na moto. Usilale na jiko la mkaa chumbani, maana hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Chanjo ya nimonia hutolewa kwa watoto wa Kenya tangu mwaka 2011, na wa Tanzania tangu 2013. Tanzania hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Itazame kadi ya mtoto wako leo.

NENO KWA AKINA BABA

Mara nyingi mama huona hatari mapema, ila hana nauli, au humngoja mume arudi atoe ruhusa. Kichomi hakimngoji mtu. Kubalianeni sasa, mtoto akiwa mzima: ni nani atakayempeleka usiku, kwa chombo gani, na fedha zitawekwa wapi. Na mama apewe ruhusa leo, kusudi siku ile asihitaji kuiomba.