Santuri Niliyoingoja Miaka Mitano

Huenda wengine kati yenu hamjui kwamba mmoja wa waimbaji mashuhuri wa soul huko Uingereza ana jina la Kiganda. Ni Michael Kiwanuka, aliyezaliwa London mwaka 1987, baada ya wazazi wake kuikimbia Uganda wakati wa Idi Amin. Alipoanza kazi alishauriwa kutumia jina jingine la jukwaani. Alikataa, na mwaka 2019 akatoa santuri akaiita Kiwanuka, nayo ikapata tuzo ya Mercury mwaka 2020. Waganda husema hilo ni jina la mungu wa radi. Basi nilijivuna kana kwamba tumezaliwa nyumba moja, ingawa mimi ni Mkonzo wa Nyakalengija.

Novemba 2024 ikatoka santuri yake ya nne, Small Changes. Majirani wote nilikwisha watangazia. Likizo ya Desemba nilibeba mizigo ya wapanda mlima, nikanunua bando la intaneti, na jioni moja nikaweka spika ndogo uani. Mto Mubuku hunguruma karibu nasi usiku na mchana. Baada ya nyimbo mbili babu akaniuliza, "Mjukuu wangu, ataanza lini kuimba?" Watu wakacheka, wakaondoka mmoja mmoja.

Niliona haya sana, nikataka kujua sababu.

Soul ilizaliwa miaka ya 1950, watu kama Ray Charles walipochukua uimbaji wa makanisa ya Wamarekani weusi wakautia katika nyimbo za mapenzi. Mmoja hulia, wengi humwitikia, kama kwaya yetu siku ya Pasaka. Santuri ya 2019 ilikuwa hivyo, na hata mto haukuishinda. Hii mpya ina watayarishaji wale wale, Danger Mouse na Inflo, lakini waitikiaji na violini wamewekwa mbali, kama watu walio chumba cha pili. Uzito umeachiwa besi, na mmoja wa wapigaji wake ni Pino Palladino wa Wales. Sasa, spika ndogo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti za chini. Besi likapotea mle ndani, na kilichobaki kikachukuliwa na Mubuku.

Nilipofika Kasese niliazima hedifoni nikasikiliza upya. Kweli, besi lilikuwapo, na wimbo The Rest of Me niliurudia mara tatu. Wachambuzi wengi wa Uingereza waliisifu santuri hii. Hata hivyo sikuridhika. Nyimbo ni 11, na karibu zote zinakwenda mwendo mmoja. Mmoja huisha na wa pili kuanza bila mtu kutambua. Mwaka 2016 huyu huyu alifungua santuri yake Love & Hate kwa Cold Little Heart, wimbo wa dakika 10, naye mwenyewe hukaa karibu dakika tano kabla ya kuimba maneno. Unangoja kwa hofu. Humu sikuona cha kungojea. Tangu 2019 amepata watoto na kuhama London. Labda mwenye watoto waliolala hujizoeza kuimba polepole.

Likizo ijayo nitampigia babu wimbo ule wa 2016, kwa spika kubwa ya kuazima. Nataka nione kama atazingoja hizo dakika tano.