Kutuliza, Kukinga na Kuponya: Maneno ya Dawa za Vidonda vya Tumbo Mkoani Mara

Mtu wa Musoma, Bunda au Butiama asemapo, "Tumbo laniuma," msikilizaji hajajua bado ni mahali gani. Neno tumbo lajumlisha mfuko wa chakula, matumbo, hata mimba. Chango nalo ni utumbo, na tena ni maumivu ya namna nyingi. Kiungulia ni dalili, wala si ugonjwa. Kwa hiyo mwenye kidonda cha kweli aweza kupewa dawa ya chango mpaka kidonda kitoe damu.

Majina ya miti yana shida iyo hiyo. Huku husemwa Kijita, Kizanaki, Kiikizu, Kisukuma na lugha nyinginezo pamoja na Kiswahili. Mti mmoja waweza kuwa na majina kadha, na jina moja likaitwa miti miwili. Ndiyo sababu uchunguzi wa mimea ya dawa wilayani Bunda, uliochapishwa mwaka 2007, ulihitaji majina ya kisayansi.

Lakini neno zito kuliko yote ni kitenzi. Mwaka 2012 wataalamu wa Muhimbili, Dar es Salaam, walichapisha majaribio ya dawa ya kienyeji yenye mimea 5: Rhynchosia recinosa, Ozoroa insignis, Maytenus senegalensis, Entada abyssinica na Lannea schimperi. Panya walinyweshwa dawa kwanza, kisha wakapewa pombe iliyochanganywa na asidi, ichomayo utando wa tumbo. Waliotangulia kunywa dawa walidhurika kidogo kuliko wasioinywa. Hapo lililoonekana ni kukinga, tena katika panya. Kuponya kidonda kilichokwisha kuwapo ni jambo la pili. Kumponya binadamu ni la tatu.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Marshall na Warren wa Australia, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, walionyesha kwamba vidonda vingi hutokana na bakteria, Helicobacter pylori. Vingine huletwa na dawa za maumivu kama aspirini. Dawa yaweza kutuliza kiungulia, au kukinga utando, na bakteria akabaki palepale.

Basi mkusanyaji wa maneno asikiapo mganga akisema, "Dawa hii yasaidia," asiandike upesi kwamba yaponya. Na aulize: yasaidia nini, na hunywewa lini, kabla ya kidonda au baada yake?