Kutafuta Hitilafu kwa Utaratibu: Mfano wa Moto wa Plagi

Gari kuukuu likikataa kuwaka, wengi hubadili plagi, kisha kondensa, kisha koili, mpaka fedha ziishe. Huko ni kubahatisha. Mwalimu wa sayansi aweza kuitumia injini hiyo kuwafundisha wanafunzi kutafuta chanzo cha hitilafu hatua kwa hatua.

Kwanza aeleze njia ya umeme. Katika injini nyingi za petroli za kabla ya miaka ya 1980, umeme wa volti 12 hutoka kwenye betri, hupita katika swichi na koili, hufika kwenye pointi zilizomo ndani ya distributa. Pointi zifungukapo, mkondo hukatika ghafla, na koili huzaa umeme wa maelfu ya volti. Rota huupeleka kwenye kila plagi kwa zamu.

Pili, njia hiyo ipimwe katikati. Fundi auchomoe waya mnene wa koili kwenye kifuniko cha distributa, aushike kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha yake ikae milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini, kisha injini izungushwe kwa stata. Cheche ya buluu yenye nguvu ikiruka, hitilafu itafutwe mbele: kifuniko, rota, nyaya na plagi. Isiporuka, itafutwe nyuma.

Huko nyuma hutosha balbu ya volti 12, iliyounganishwa baina ya chuma cha injini na ncha ya koili iendayo kwenye pointi. Injini ikizungushwa, balbu ikiwaka na kuzimika, pointi zinafanya kazi. Koili au kondensa ndiyo ishukiwe. Ikiwaka mfululizo, pointi hazigusani vema. Isipowaka kabisa, umeme haufiki hapo, au unapotelea kwenye chuma.

Kabla ya kila jaribio, wanafunzi waandike watarajiayo kuona, na sababu yake.

Hapana budi wanafunzi wasimame mbali, gia iwe huru, na pasiwe na petroli iliyomwagika. Jaribio hili lisifanywe kwenye injini za elektroniki.

Pasipo na gari, betri kavu, balbu ya tochi na nyaya tatu zatosha. Mwalimu aukate waya mmoja ndani ya ganda lake, kisha awaulize wanafunzi: tuanze kupima wapi, na kwa nini?