Fahamu: Mchango wa bima ya afya mtumishi anapostaafu

Mwalimu wa shule ya serikali mjini Bariadi, mkoani Simiyu, huchangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, asilimia 3 ya mshahara wake wa msingi, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine, hivyo mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa 24,000 kila mwezi ilhali Mfuko hupokea 48,000. Anapostaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, makato hayo hukoma pamoja na mshahara, wala hayahamii kwenye pensheni, yaani malipo ya kila mwezi yatolewayo na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), tofauti na Marekani, ambako ada ya bima ya wazee kwa kawaida hukatwa kwenye pensheni yenyewe. Mstaafu aliyetimiza masharti ya uchangiaji huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake, na huu ni utaratibu wa haki, kwa kuwa maradhi huzidi wakati ambapo kipato kimepungua. Watoto, hata hivyo, hawamo katika kinga hiyo, jambo zito kwa mstaafu wa Simiyu ambaye bado anasomesha. Anayekaribia kustaafu ahakiki mapema kumbukumbu za michango yake na kufuatilia kadi ya mstaafu kabla ya ile ya utumishi kusitishwa.