Selimundu na Madai ya Laana ya Ukoo

Wahudumu wa kliniki za watoto nchini Tanzania hulifahamu vizuri swali hili, ingawa ni nadra kuulizwa kwa sauti: mtoto huyu analipia kosa la nani? Huulizwa na mama aliyekwisha kuzika watoto wawili na sasa amempakata wa tatu, mwenye macho ya manjano na vidole vilivyovimba. Huulizwa na bibi anayekumbuka kwamba shangazi wa mume naye alipoteza watoto kwa namna hiyo hiyo. Kabla ya kufika hospitalini, familia nyingi huwa zimekwisha kupata jibu nyumbani: kuna mahari ambayo haikumalizwa, kuna mzee aliyekufa na kinyongo, kuna mkono wa mtu. Kwa ufupi, kuna laana katika ukoo.

Jibu hilo halistahili kuchekwa. Waliolitoa wameona mambo ya kweli: kwamba ugonjwa huu hufuata damu, huruka vizazi, huipiga nyumba moja na kuiacha ya jirani, na ndani ya nyumba hiyo moja humchukua mtoto huyu na kumwacha yule. Wachunguzi hao wa nyumbani walitazama vizuri. Walikosea katika kutaja sababu.

Sababu yenyewe imo katika himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu si sawa na ya mtu mwingine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge nchini Uingereza, aligundua kwamba tofauti hiyo ni ya asidi amino moja tu: mahali pa asidi ya glutamiki pameshikwa na valini. Kosa dogo kiasi hicho latosha. Oksijeni inapopungua, himoglobini hiyo hushikamana, na chembe iliyokuwa laini na ya mviringo hukakamaa na kujipinda kama mundu. Jina la Kiswahili la ugonjwa limeyabeba maelezo yote hayo. Chembe hizo huziba mishipa midogo, ndipo mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa. Nazo huvunjika mapema, ndipo hupungukiwa damu na macho kuwa ya manjano.

Kila mtu hurithi nakala mbili za kinasaba cha himoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala mbili nzima huitwa AA. Mwenye moja nzima na moja ya selimundu huitwa AS; huyu ni mbebaji, na kwa kawaida huishi maisha yake yote bila kuugua. Mwenye mbili za selimundu, yaani SS, ndiye mgonjwa. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa mtoto mgonjwa, nafasi mbili za kuwa mbebaji, na nafasi moja ya kuwa mtoto asiye na kinasaba hicho kabisa.

Neno “kila” katika sentensi hiyo ndilo linalosahaulika upesi. Wazazi wengi huondoka kliniki wakiamini kwamba, kwa kuwa wa kwanza amekuwa mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyotangulia. Tuseme kuna wenzi 100 ambao wote ni AS kwa AS, na kila wenzi wana watoto wanne. Takribani wenzi 32 kati yao hawatapata mtoto mgonjwa hata mmoja, nao wataitwa waliobarikiwa. Wenzi wengine watapata wagonjwa watatu mfululizo, na hao ndio watakaotafutiwa mganga. Vinasaba vya nyumba zote hizo ni vile vile.

Ndivyo ilivyo pia kwa ugonjwa kuruka vizazi. Kinasaba kinaweza kupita kwa babu, kwa baba na kwa mwana kikiwa nakala moja moja, kimya, kwa miaka mia moja, hadi siku mwana wa ukoo huo anapooa binti aliyebeba nakala kama yake. Hahitaji kuoa binamu ili hilo litokee, japokuwa ndoa za jamaa huongeza uwezekano. Pale ambapo watu 15 kati ya 100 ni wabebaji, ndoa mbili hivi katika kila 100 huwakutanisha wabebaji wawili hata kama koo zao hazijawahi kujuana.

Lipo jambo jingine linalolisha dhana ya uchawi. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima, mnene, mwenye kupendeza. Majirani huja kumtazama na kumsifu. Kisha, baada ya miezi sita hivi, huanza kuvimba mikono na miguu, na wanaokumbuka sifa za jirani fulani hukumbuka pia kijicho chake. Maelezo ni mepesi kuliko hayo. Mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ya kichanga, ambayo haijikunji. Hiyo humlinda katika miezi ya mwanzo, kisha hupungua na nafasi yake kuchukuliwa na ile ya utu uzima, yenye kasoro. Jirani hakufanya lolote.

Mtu anayeumizwa zaidi na hadithi ya laana, baada ya mtoto mwenyewe, ni mama. Mahali pengi mke ndiye anayesemwa kwamba ameleta mkosi, kwa kuwa ndiye mgeni katika ukoo. Akizika mtoto wa pili au wa tatu, wakwe huanza kunong’ona, na si ajabu ndoa ikavunjika. Mume, naye ni AS, huoa mke mwingine. Kwa kuwa watu wengi ni AA, huenda mke huyo wa pili akawa AA, na watoto wao wote wakawa wazima. Ushahidi unaonekana kukamilika: laana ilikuwa kwa yule wa kwanza. Lakini mwanamke aliyefukuzwa, akiolewa na mume aliye AA, naye atazaa watoto wazima watupu. Wale wawili walikuwa wazima kila mmoja peke yake, na walichangia sawasawa ugonjwa wa watoto wao. Hakuna mahakama ya ukoo inayoweza kumtoa mmoja kuwa mkosaji.

Mababu nao hawana kesi ya kujibu. Katika mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa Afrika Mashariki. Alikuwa ameona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mtoto aliye AS hulindwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, hivyo kwa maelfu ya miaka wabebaji walipona na kuzaa pale ambapo wengine walikufa. Watu wa leo hurithi kinasaba hiki kwa sababu kilimwokoa bibi wa bibi yao. Kama ni deni, ni deni la uhai.

Wazazi wenye dini huuliza juu ya maandiko, na mhudumu asikwepe. Katika Biblia, pamoja na onyo la Kutoka kuhusu uovu wa baba kupatilizwa kwa wana, ipo sura ya 18 ya Ezekieli inayokataa mwana kuubeba uovu wa babaye, na ipo sura ya 9 ya Yohana ambamo Yesu anakanusha kwamba upofu wa mtu fulani ulitokana na dhambi yake au ya wazazi wake. Kurani nayo inafundisha mahali pengi kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine.

Je, hakuna makosa ya wazazi yanayowafuata watoto? Yapo, ila hupita kwa njia nyingine. Uchunguzi mkubwa wa Felitti na wenzake huko California, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba watu waliokulia katika nyumba zenye vipigo, ulevi, udhalilishaji na mengine ya namna hiyo, wakiwa wamepitia aina nne au zaidi, walikuwa na hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko ambao hawakupitia hata moja. Hayo hurithishwa kwa mwenendo, na mwenendo waweza kukatishwa na kizazi chochote kinachopata msaada.

Kwa mhudumu wa afya, lugha ya chumba cha ushauri ni sehemu ya tiba. Swali la “nani ameleta?” lisiulizwe kamwe. Inafaa wazazi wote wawili waitwe na kupimwa pamoja, na majibu wapewe faraghani. Pale kipimo cha mzazi mmoja kisipoonyesha kinasaba cha selimundu, mhudumu asikimbilie kudhani uzinzi: mzazi huyo aweza kuwa na kinasaba cha thalasemia, ambacho kipimo cha kawaida cha chembe kujikunja hakikioni, na ambacho kikikutana na S humfanya mtoto augue. Ndoa zimevunjwa kwa majibu yaliyosomwa kwa haraka.

Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka Tanzania, na kwamba pasipo matibabu nusu yao au zaidi hawafikishi miaka mitano. Muda unaopotea katika matambiko na kuchanja chale juu ya wengu ndio muda ambao penisilini ya kila siku, chanjo na kinga ya malaria zingemlinda mtoto. Homa kwa mtoto huyu ni dharura. Asisubirishwe hadi asubuhi. Dawa ya haidroksiurea, iliyothibitika kuwa salama na yenye manufaa kwa watoto wa Afrika katika utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, hurudisha sehemu ya ile himoglobini ya kichanga na kupunguza maumivu na vifo. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imekwisha kuanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Uloto huo kwa kawaida hutoka kwa ndugu wa tumbo moja ambaye tishu zake zinalingana na za mgonjwa, na ndugu aliye AS hakataliwi. Kwa hiyo wazazi wanapomleta mtoto mgonjwa kwa mara ya kwanza, waje pia na kaka na dada zake, wote wapimwe.